Safari Isiyotosha Kunyoa Ndevu

"Haya, anza," Inspekta Theoni Lambrinou alisema.

Magurudumu ya ndege yalikuwa ndiyo kwanza yameachana na ardhi ya Karpathos. Sajini Polihronis, mtu mnene aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alijibana kwenye kiti cha dirishani, kioo cha mkewe kikiwa magotini. Alikuwa hajanyoa siku tatu kwa amri ya Inspekta. Alijipaka povu shavu moja, akajipaka la pili, akashika wembe na kuupitisha kutoka sikioni kushuka tayani. Upepo wa kaskazini ukaipiga ndege ubavuni.

"Mama yangu!"

"Umejikata?"

"Nimejichinja, Afande!"

"Endelea. Bado hujafa."

Kizee mmoja wa upande wa pili, mwenye kapu la mayai mapajani, alijifanyia ishara ya msalaba na kugeuza uso. Theoni alifungua mkanda, akasimama, akaelekea nyuma kwenye choo. Hakufika hata safu ya tatu.

"Wewe mama, kaa chini!" Mhudumu wa ndege alimfokea bila kuinuka kwenye kiti chake. "Huoni taa ya mikanda?"

"Nataka msalani."

"Msalani? Kati ya Karpathos na Kasos? Dada yangu, choo nimekifunga kwa ufunguo na ufunguo huu hapa mfukoni. Nakifungua tukishaondoka Kasos kwenda Krete. Hapa mtu akibanwa na mkojo anabanwa nao mpaka chini."

"Kila siku hufungwa?"

"Kila siku. Nikikifungua nitamtoaje mtu kabla ya kutua? Kaa, tunashuka."

"Tunashuka sasa hivi?"

"Kwani hiyo nchi huioni?"

Theoni aliketi. Kweli, mashamba ya kijiji cha Agia Marina yalikuwa yameshajaa dirishani, na kuta zake za mawe. Viwanja hivi viwili vinatazamana mashariki kwa magharibi, mlangobahari katikati, kilomita ishirini na moja na ushei. Tiketi inasema dakika ishirini na tano, kwa sababu aliyeichapa anahesabu na kufunga milango, na kungoja upepo, na kumbembeleza bibi mwenye mayai. Angani kwenyewe ni tano. Sisi watu wa Kasos tunajua hilo tangu tukiwa wadogo, ila hakuna mtu wa Rodo, kisiwa cha wakubwa wa serikali, aliyewahi kutuuliza.

Ndege ilipogusa ardhi Theoni alitazama saa yake, kisha akamtazama Sajini. Shavu la kulia lilikuwa nusu limenyolewa, la kushoto lina povu tupu, na damu ilikuwa inachuruzika hadi kwenye kola.

"Dakika tano," alisema. "Na ulikuwa na povu, kioo, na ndevu za siku tatu tu."

"Afande, naomba nimalize."

"Usiguse kitu. Sura hiyo ni ushahidi."

Kwetu ndege ikija watu huenda kwenye uzio wa uwanja. Mwenye mgeni huenda, asiye na mgeni huenda pia, maana kuna kazi gani nyingine? Sajini alipotokea mlangoni mwa ndege na uso ule, uzio mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Sajini! Mwenzako akinyolewa, zako tia maji! Wewe umeambiwa utie damu?"

"Mkewe kamfukuza, sasa anaishi kwenye ndege!"

"Njaa zenu!" Sajini alijibu akishuka ngazi. "Mkija kituoni kuomba kibali cha harusi mtanikuta."

Padri Minas hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye lango, mikono ndani ya kanzu yake nyeusi, na Theoni akamwendea moja kwa moja.

"Padri, nirudie tu lile ulilonieleza jana. Jumatatu, Nikitas Frangoulis alipotoka kwenye ndege, ulimwona wapi?"

"Pale juu, kwenye ngazi, kabla hajakanyaga chini."

"Na ndevu?"

"Hakuwa nazo." Padri alishusha sauti. "Inspekta, mimi ndiye niliyesikia akiapa. Nilipomwona na kidevu kile nilijua kuna mtu wa kumzika. Nilikuwa sijaambiwa bado kwamba Zaharias amekufa."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa nane wa mwaka uliopita, Kapteni Zaharias Perselis alitoa mashua yake ya watalii siku ambayo hata shakwe walikaa nchi kavu. Baharia wake alikuwa Iosif Frangoulis, mtoto wa pekee wa Nikitas na Rinio, miaka kumi na tisa. Mashua ilipopinduka, Zaharias aliingia kwenye kidau cha kuokolea peke yake, akapiga kafi, hakutazama nyuma. Iosif hajaonekana mpaka leo. Tulizika jeneza lenye shati lake. Mahakama ikasema aliyeua ni upepo, na upepo haufungwi jela.

Nikitas, fundi wa kujenga kwa mawe, aliapa mbele ya jeneza lile kwamba wembe hautamgusa mpaka Zaharias afe. Kwetu hilo si jambo geni. Mwenye msiba hanyoi siku arobaini, na mwenye kisasi hanyoi mpaka akitimize. Ndevu zake zilifika kifuani. Masika akahamia Finiki, upande wa Karpathos, kumjengea mtu nyumba, na sisi tukasema afadhali, bahari itamtuliza.

Jumatatu hii, kabla ya mchana, watu wa Agia Marina walisikia mlio wa bunduki. Mwezi wa saba uwindaji ni marufuku, kwa hiyo walikimbia kumwona ni mpumbavu gani. Wakamkuta Mikes Sakelis, mchunga mbuzi, bunduki ya marisau mkononi bado ina moto, na nyuma ya ukuta, kwenye bustani ya nyanya, Zaharias amelala kifudifudi. Mikes akasema amempiga mbwa aliyekuwa anamrarua mbuzi wake. Mbwa alikuwa ameshakimbia na marisau yake. Na wiki moja nyuma, Mikes na Zaharias walikuwa wameshikana mashati bandarini kwa ajili ya mbuzi aliyekula mizabibu. Nani angemwamini? Daktari alisema damu ya maiti imekauka mno kwa mtu aliyepigwa muda ule. Wakamwambia ni jua.

Nikitas wakati huo alikuwa kwenye foleni ya ndege Karpathos. Binamu yake Foteini alimpigia simu humo humo foleni kumpa habari, na kampuni ya simu ilithibitisha. Alipoulizwa kuhusu kidevu chake alijibu bila kupepesa: habari nimeipata naingia ndegeni, nikanyoa angani, nadhiri yangu imetimia, nani ana neno?

Mwendesha mashtaka kule Rodo aliyasoma maelezo hayo akaona sawa kabisa. "Tiketi inasema dakika ishirini na tano," alimwambia Theoni kwenye simu. "Mimi hunyoa kwa kumi. Nipakieni mchunga mbuzi kwenye meli ya Alhamisi."

Na leo ilikuwa Alhamisi. Meli hiyo hiyo ilikuwa inatoka bandari ya Pirea na kuwaleta Stathis na Lambis Perselis, mabaharia, ndugu wa marehemu. Wao walikuwa wameshaambiwa jina moja tu, Mikes. Wangeshuka kwa ngazi ile ile ambayo yeye angepandia akiwa na pingu.

Mkewe Mikes, Sevasti, alikuwa amekaa kizingitini mwa kituo cha polisi tangu asubuhi. Theoni alipofika, yule mama alisimama akamshika mkono wa koti.

"Inspekta, watamchinja pale gatini. Mnajua watamchinja. Mmeamua tu kutazama kwingine."

"Mumeo alimpiga mbwa kweli?"

"Alimpiga! Mbwa wa rangi ya kahawia, wa kijiji cha Poli! Kwa nini hamumtafuti mbwa?"

"Kwa sababu namtafuta mtu. Kaa hapo, mama. Usiende gatini mpaka nirudi."

"Meli haitakungoja."

"Ndiyo maana siketi," Theoni alisema, akamfanyia Sajini ishara ya kuwasha gari.

Nyumba ya akina Frangoulis iko Arvanitohori, imejengwa na Nikitas mwenyewe, jiwe juu ya jiwe, wala huoni pengo la kupitisha kisu. Njiani Sajini alijaribu kujitazama kwenye kioo cha gari. Theoni akakigeuza upande wake.

"Afande, tunamkamata?"

"Kwa lipi? Mtu anaruhusiwa kunyoa. Nimeibomoa nusu tu ya hadithi yake. Nusu iliyobaki lazima anibomolee mwenyewe. Wewe utabaki nje mpaka nikuite."

"Njia ya mwongo ni fupi, Afande."

"Hii ni fupi kuliko zote," Theoni alisema.

Rinio alifungua mlango. Alikuwa mwanamke mwembamba, nguo nyeusi mpaka kwenye vifundo, macho makavu. Nikitas alikuwa mezani. Mashavu na paji la uso vilikuwa vimeungua kwa jua la kazi, lakini kuanzia puani kushuka ngozi ilikuwa nyeupe kama jibini.

"Karibu, Inspekta. Utakunywa kahawa," Rinio alisema, na halikuwa swali.

Theoni alionja. Alikiweka kikombe taratibu.

"Ina sukari."

"Huipendi?"

"Naipenda. Jumanne nilipokuja nilifikiri umekosea kikombe. Sajini aliniambia mwezi wa pili mlimpa kahawa chungu, kama ilivyo kwenye nyumba yenye msiba."

"Hata huzuni huchoka," Rinio alisema, akaenda kusimama karibu na dirisha, chini ya ikoni ya mtakatifu na picha ya Iosif.

Theoni alimgeukia mumewe. "Bwana Nikitas, tuanze upya. Simu ya Foteini ilikukuta wapi?"

"Kwenye foleni. Nimeshasema."

"Alisema nini?"

"Alisema, yule mbwa Zaharias amekufa."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda. Nikanyoa."

"Wapi?"

"Msalani mwa ndege. Kwani watu hunyolea wapi?"

"Maji yalikuwa ya moto au baridi?"

Nikitas alisita kidogo. "Baridi."

"Mlango ulifunguka vizuri?"

"Ulifunguka."

"Basi wewe una bahati kuliko mimi. Leo nimetoka nayo Karpathos, ndege ile ile, mhudumu yule yule. Choo hufungwa kwa ufunguo kila siku kwenye kipande hiki. Mimi sikuruhusiwa hata kusimama."

Rinio hakugeuka. Nikitas alizungusha kikombe chake kwenye sahani.

"Nilitaka kukuficha aibu," alisema. "Nilinyolea kwenye kiti."

"Kwenye kiti."

"Ndiyo. Mimi nina mikono ya fundi. Dakika ishirini na tano zinanitosha kupiga lipu ukuta, sembuse kidevu."

"Hizo ni dakika za karatasi. Sajini! Ingia!"

Sajini Polihronis aliingia na shavu lake la povu lililokauka, na mikwaruzo yake, na damu kwenye kola. Rinio aligeuka, akamtazama, akacheka kwa mara ya kwanza mbele ya watu baada ya miezi kumi na moja.

"Yesu wangu! Huyu kanyolewa na mbuzi!"

"Alianza magurudumu yalipoacha ardhi," Theoni alisema. "Hajapumzika hata kidogo. Ndege ilitua akiwa hapo unapomwona. Zake zilikuwa za siku tatu. Zako zilikuwa hapa." Aliweka kiganja kifuani. "Ndevu hizo hazianzwi kwa wembe, zinaanzwa kwa mkasi. Mkasi wa kazi hiyo haupiti kwenye ukaguzi. Hukujikata hata mahali pamoja. Na kwenye ndege hakukuokotwa hata unywele mmoja."

"Basi nilinyoa kabla. Nyumbani kwangu, Finiki." Nikitas alisema polepole, akipima kila neno. "Asubuhi. Nilichoka."

"Ulichoka?"

"Zilikuwa zinawasha. Joto la mwezi wa saba, vumbi la mawe, jasho. Niliamka nikasema basi. Nikaivunja nadhiri. Hiyo ni dhambi yangu na Padri Minas, haimhusu polisi. Nilisema uongo kwa sababu ya aibu. Andika hivyo, twende zetu."

Sajini alimtazama Inspekta. Mlango ulikuwa umefungwa usoni mwao, na Nikitas alijua. Mtu aliyechoka na ndevu zake hafungwi. Kwa mbali, honi ya meli ililia upande wa magharibi. Ilikuwa imeshauona mwamba wa kwanza wa Kasos.

Theoni hakupandisha sauti. Alivuta kiti karibu na meza, akaketi kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nakubali," alisema. "Sajini, toa kalamu. Andika kwa sauti, bwana asikie."

"Kwa sauti, Afande?"

"Kwa sauti. 'Nikitas Frangoulis aliapa kwa damu ya mwanawe.' Umeandika?"

"Aliapa kwa damu ya mwanawe..."

"'Baada ya miezi kumi na moja aliivunja nadhiri hiyo kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa anawashwa.'"

"...kwa sababu alikuwa anawashwa," Sajini alirudia.

Mkono wa Nikitas ulisimama juu ya kikombe.

"'Kapteni Zaharias Perselis aliuawa na Mikes Sakelis. Kwa sababu ya mbuzi.'"

"...kwa sababu ya mbuzi."

"'Kifo chake hakihusiani kwa namna yoyote na Iosif Frangoulis.' Hiyo ndiyo itakayosomwa mahakamani Rodo. Ndiyo watakayoihadithia watu kwenye uzio wa uwanja, na watoto wao. Zaharias alimwacha Iosif majini, na hakuna aliyemwuliza. Alikula, akalala, akapanda nyanya, mpaka siku alipokufa kwa ajili ya mbuzi wa Mikes. Weka sahihi hapa, bwana Nikitas."

Theoni alisukuma karatasi. Nikitas alichukua kalamu, na kalamu ilifika mpaka kwenye mstari.

"Mbuzi?" Rinio alisema.

"Nyamaza, mke wangu."

"Mwanangu hana hata kaburi la mifupa, na yule mbwa wanasema amekufa kwa mbuzi?"

"Rinio. Nyamaza. Zimebaki saa chache tu, meli iondoke na Mikes."

"Miezi kumi na moja nimekaa kimya! Utaweka sahihi? Utaandika kwamba ulikuwa unawashwa? Weka, nikuone!"

Nikitas aliitazama picha iliyokuwa juu ya kichwa cha mkewe. Kisha akaiweka kalamu mezani, akaikunja ile karatasi mara mbili kwa vidole vyake vinene, akaitia ndani ya kahawa yake.

"Andika jina langu," alisema. "Huyo mchunga mbuzi hajawahi kuua hata kunguru. Mungu amlaani Mikes na bunduki yake, kuniibia mtu wangu!"

Theoni alimwashiria Sajini aendelee kuandika.

"Ulivuka lini?"

"Usiku wa kuamkia Jumatatu. Bahari ilikuwa imelala. Nina mashua ndogo kule Finiki. Nilifika kabla ya jua, nikapanda kwa nyuma, kwenye mawe. Alikuwa anamwagilia nyanya."

"Alikuona?"

"Nilimwita jina. Nilitaka ageuke. Mwanangu alimwona mgongo, mimi nilitaka uso."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Nikitas, ulikuwa upepo.'" Nikitas alikisukuma kikombe, kahawa ikamwagika. "Nikamwambia, leo hakuna upepo. Kisha nikarudi Karpathos, bunduki yangu ya marisau nikaitupa katikati ya mlangobahari, karibu na alipo Iosif. Hakuna aliyesikia, alfajiri watu wamelala ndani, na kuta za mawe humeza sauti. Nikanyoa. Nikaenda kupanda ndege kama mtu mwingine. Yule Mikes alipopiga bunduki yake, mimi sijui hata kitu."

"Kitu kimoja sikielewi," Theoni alisema. "Ungebaki na ndevu zako siku moja tu. Ungeshuka nazo, ukanyoa jioni mbele ya watu wote. Leo nisingekuwa mezani kwako. Kwa nini hukungoja?"

Nikitas alimtazama mkewe, na aliyejibu ni Rinio.

"Siku alipohamia Karpathos nilimwambia, nitakuja uwanjani kila utakaporudi. Usishuke kwenye ngazi ile na ndevu. Mara nne alishuka nazo. Mara nne niligeuka nikarudi nyumbani peke yangu, watu wakitazama."

"Nisingeweza kuuona mgongo wake mara ya tano," Nikitas alisema. "Nilikuwa nimeshafanya kazi yangu, halafu nishuke, ageuke aende? Hapana. Heri jela."

Rinio aliinua mkono nyuma ya ikoni akatoa kitambaa cheupe. Alikifungua mezani, juu ya kahawa iliyomwagika. Ndani mlikuwa na ndevu nyeusi zenye mvi, zimekatwa sawasawa kwa mkasi, zimefungwa kwa uzi mwekundu.

"Alinipa pale pale uwanjani, mbele ya Padri, kama mtu anayempa mkewe zawadi ya safari," alisema. "Chukua, Inspekta. Mpelekee huyo bwana wa Rodo mwenye tiketi. Mwambie ni za Iosif, si za mbuzi."

Theoni alipiga simu akiwa barabarani, Nikitas nyuma ya gari na pingu, Rinio pembeni yake bila pingu, maana hakuna aliyethubutu kumwambia asipande. Mwendesha mashtaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Dakika tano?" aliuliza.

"Tano."

"Mbona imeandikwa ishirini na tano?"

"Karatasi hairuki, bwana," Theoni alisema. "Nahitaji ruhusa ya kumwachia Mikes sasa hivi. Meli inafunga kamba."

Ruhusa ilitoka. Sajini alikimbia kituoni, uso wake ule ule, na Sevasti alipomwona akija na funguo mkononi alianza kulia kabla hajaambiwa. Mikes alitoka akipepesa macho. Alisema maneno mawili tu, "Na mbwa?", mkewe akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia, akamvuta nyumbani kwa njia ya juu, mbali na gati.

Gatini mji mzima ulikuwa umekusanyika, na habari ilikuwa imeshatangulia kwa namna habari zinavyotangulia kwetu. Watu walilipisha gari bila kuambiwa. Hakuna aliyemtukana Nikitas. Kizee wa mayai alimgusa begani alipopita, kisha akajifanya hakugusa.

Mlango mkubwa wa meli ulishuka kwa kelele. Stathis na Lambis Perselis walitoka wa kwanza, kila mmoja na begi begani, wanaume wapana wenye macho ya watu wasiolala. Stathis alimwendea Theoni.

"Yuko wapi huyo Mikes?"

"Nyumbani kwake. Hakuua mtu."

"Nani basi?"

Theoni alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Rinio alimpita. Alisimama mbele ya wale ndugu wawili, mdogo kuliko mabegi yao, akaonyesha kidole nyuma yake.

"Sisi," alisema. "Mama yake Iosif na baba yake Iosif. Zaharias wenu alikufa kwa ajili ya Iosif. Msije mkamsikiliza mtu atakayewaambia habari za mbuzi."

Lambis alipiga hatua. Sajini Polihronis akajiweka katikati na tumbo lake lote, mkono kwenye bastola, povu shavuni, na safari hii hakuna aliyemcheka. Stathis alimshika nduguye kwenye kiwiko. Alimtazama Nikitas kutoka miguuni mpaka usoni, akatulia pale kwenye ngozi nyeupe ya kidevu, muda mrefu. Kisha taratibu akainua mkono wake mwenyewe akajipapasa taya. Hakuwa amenyoa tangu Jumatatu. Wala Lambis.

Theoni aliona mkono ule. Alimshika Nikitas na kumsukuma kuelekea ngazi ya meli, haraka, lakini Nikitas alikuwa ameuona pia, na alipofika sawa na wale ndugu alisimama.

"Huwasha mwezi wa kwanza tu," aliwaambia. "Baadaye mtazoea."